Pumzi Mgongoni Mwangu

Mtoto anayekosa hewa halii. Hilo hakuna aliyeniambia kabla halijanifika, ndiyo maana nalitanguliza hapa, kwa ajili ya mama yeyote atakayesikia kimya mgongoni mwake na kudhani mtoto amelala. Mimi nilidhani hivyo. Ilikuwa Jumapili, tunatoka misa, nami nacheka na jirani yangu Mama Masika kwa sababu ya mke wa Mzungu mmoja aliyekuja kanisani na kofia yenye ndege mzima juu yake. Nilicheka hadi machozi. Kisha nikasikia mluzi mwembamba, nikageuka kuangalia ni nani asiye na adabu anayepiga mluzi mlangoni mwa kanisa.

Mluzi ulikuwa unatoka kifuani mwa mwanangu.

Nilifungua kamba za mbeleko haraka nikamshusha. Domitila alikuwa na mwaka mmoja na kidogo, ndiyo kwanza ameanza kusimama kwa kushika viti. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani, na kile kishimo chini ya koo kilizama kila alipovuta hewa. Midomo ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. Mama Masika, mtu wa Butembo ambaye sauti yake husikika mtaa wa pili, alinong'ona, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mufunge," alisema. "Tukimbie ku disipanseri."

Nikamfunga tena mgongoni, tukakimbia. Goma ya miaka ile, wakati wa Wabelgiji, ilikuwa mji mdogo uliokaa juu ya mawe meusi ya volkano, na mawe hayo hayana huruma na viatu vya Jumapili. Nilifika bila kiatu kimoja. Muuguzi wa zamu, Muganga Paulo, alimlaza mtoto mezani, akamvua kila kitu, akamdunga sindano. Tulingoja. Taratibu mbavu zikatulia, mluzi ukapungua, na Domitila akanyoosha mkono kutaka kushika kitufe cha koti la muganga. Nililia mbele za watu bila aibu. Kisha nikamfunga mgongoni, nikaanza kurudi nyumbani nikimwimbia, na kabla sijafika mlangoni mluzi ulikuwa umeanza tena.

Hivyo ndivyo tulivyoingia katika ule mwaka wa mluzi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu, Gaspari, alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na msumari mdomoni. Tulikaa karibu na mtaa wa Majengo, chumba kimoja na jiko. Mama yake alikaa Kanyaruchinya, juu kwenye barabara ya Rutshuru, ambako alilima maharage na viazi. Jina lake sitalitaja. Kwetu mke hataji jina la mama mkwe wake, na sitaanza uzeeni.

Domitila alipozaliwa, mama mkwe alishuka kutoka Kanyaruchinya na siagi, mtama, na juu ya vyote ngobyi. Kwa asiyeijua, ngobyi ni ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa siagi, manyoya upande wa ndani, kamba za ngozi pembeni, ya kumfungia mtoto mgongoni. Ile ilikuwa imembeba Gaspari na ndugu zake wote. Wanawake wengi wa mjini walikuwa wameshaanza kufunga watoto kwa vikwembe, yaani vitenge vya dukani, lakini mama mkwe aliita kikwembe nguo ya yatima. Alinifungia ngobyi kwa mikono yake, akarudi nyuma kunitazama, akasema, "Uheke, mukazana." Mukazana ni mke wa mwana; uheke maana yake nibebe watoto mgongoni siku zote, na kwa mwanamke wa kwetu sijui baraka inayozidi hiyo. Kila aliposhuka kututembelea aliichukua, akaikung'uta, akaipaka siagi, akaitia dawa ya viroboto, akanirudishia ikiwa safi. Nilimshukuru kila mara, na sikuwa nasema uongo.

Baada ya ile Jumapili, shida ilirudi na kurudi. Haikuwa na saa yake. Ilinikuta sokoni, ilinikuta njiani kutoka ziwani na dumu la maji kichwani, ilinikuta mara moja kwenye maziko, na watu wakadhani tunamlilia marehemu. Majirani walikuja kutupa pole, na kila mmoja alikuja na jibu lake.

"Unapitia njia gani kuenda kuchota maji?" Mama Masika aliniuliza. "Ile ya ku shimo? Njo vile! Umemupitisha ku mazuku."

Mazuku ni zile sehemu za chini kati ya mawe ambako hewa mbaya hutulia, na mbuzi akishuka humo hatoki. Ziko nyingi upande wa kuelekea Mugunga. Niliacha njia hiyo, nikazunguka mbali na maji yangu, shingo ikaniuma mpaka nikalala nimekaa. Mtoto hakupona. Mwingine akasema ni vumbi la mbao. Gaspari akaanza kuoga nje nyuma ya nyumba kabla ya kumgusa mtoto, hata siku za baridi, akitetemeka na kutukana kwa sauti ndogo. Mwingine akasema moshi. Nikatoa mafiga nje, na msimu mzima wa mvua tulikula chakula kisichoiva. Mtoto hakupona.

Nilijua benchi la disipanseri kuliko kitanda changu. Lilikuwa kwenye veranda, chini ya mabati, refu, limeng'aa kwa kukaliwa. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, lakini wanawake wa benchi lile walikuwa na yao. Mtoto mwenye mluzi akitokea barabarani, walisogea bila kuombwa mpaka mwanzo wa benchi ukabaki wazi. Hakuna aliyesema karibu, hakuna aliyenung'unika. Siku moja mama mmoja wa Mugunga, ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa anaungua kwa homa, alisogea hivyo, nami nikakaa mahali pake. Muganga Paulo naye alikuwa na tabia ya kukipasha moto mkononi mwake kile chuma cha kusikilizia kifua kabla hakijamgusa mtoto. Hayo ni mambo madogo. Nayaandika kwa sababu yalinishika nisianguke.

Daktari Mzungu alipita siku zake. Alimsikiliza Domitila mgongoni, akasema ni kifua, akasema huenda akikua itaondoka. "Mama, hapana lia," aliniambia. Neno hilo "huenda" nilirudi nalo nyumbani kama mtu aliyepewa jiwe.

Mwanangu alibadilika mbele ya macho yangu. Mabega yalipanda juu karibu na masikio. Shingo ilitoa mishipa kama ya mzee. Alizoea kulala amekaa mapajani mwangu, kichwa kwenye titi. Lakini lililonivunja moyo ni kwamba aliacha kucheka. Kicheko kilimletea kikohozi, na kikohozi kilimletea mluzi, basi mtoto yule ambaye hajui hata kusema "maji" alikuwa amejifunza kubana mdomo baba yake akimchezesha. Anatabasamu, kisha anafunga mdomo, anatazama pembeni.

Mama mkwe ndiye aliyeona. Alikuwa ameshuka na viazi, akakaa nasi siku kadhaa, akitazama. Kisha jioni moja, tunachambua maharage, alisema mbele ya Gaspari:

"Mutoto akiwa chini, anacheza. Akiwa ku bega ya baba yake, anapumua muzuri. Ukimubeba ku mugongo, anataka kufa. Mukazana, mugongo yako iko na kitu."

"Mama," Gaspari alisema.

"Sisemi kwa ubaya. Ninasema kile macho yangu inaona."

Ningependa kusema kwamba nilikasirika. Ukweli ni kwamba nilianza kukumbuka, moja baada ya nyingine. Kanisani, mgongoni. Sokoni, mgongoni. Kwenye maziko, mgongoni. Kutoka disipanseri, alipokuwa ametulia kabisa, nilimfunga mgongoni na mluzi ukarudi. Mama mkwe alikuwa amesema kweli, na ndiyo sababu maneno yake yaliniingia hivyo.

Kesho yake nilivua blauzi mchana kweupe, nikamwomba Gaspari aniangalie.

"Kuko nini?" niliuliza.

"Mugongo tu."

"Angalia muzuri, Papa Domitila."

"Kuko kovu ya ile siku ulianguka na muzigo ya kuni." Akaweka mkono wake pale kwenye kovu, akauacha. "Hakuna kitu, mama. Ni mugongo tu."

Sikumwamini. Nilianza kuuogopa mwili wangu mwenyewe. Lakini niseme nini? Mwanamke asiye na mtu nyumbani atachotaje maji, ataendaje sokoni, atakimbiaje disipanseri, kama si na mtoto mgongoni? Mama mkwe, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitafuta dawa. Alisema kama mgongo wangu una kitu basi mtoto atenganishwe nao. Akaikunja ngobyi mara mbili, akaishonea kipande kingine cha ngozi ndani, akaipandisha mpaka imfunike Domitila kichwa. "Sasa haitamufikia," alisema. Wiki ile tulikwenda disipanseri mpaka Muganga Paulo akaacha kutuuliza jina.

Kilipofika kiangazi, Mungu alitupa nafasi ya kupumua. Mbao hazikuja, Gaspari akakosa kazi, akawa anashinda nyumbani, na popote tulipokwenda alimbeba mtoto begani au alimpandisha shingoni. Domitila alinenepa. Alitembea. Siku moja alicheka kwa sauti, kicheko kizima, mimi na baba yake tukasimama tukiogopa kusogea. Lakini furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani. Miezi hiyo yote hakuwa amekaa mgongoni mwangu hata mara moja, na alikuwa mzima. Niliwaona wanawake wenzangu wanapita na watoto wamelala migongoni, nikageuza uso.

Mvua zikarudi, mbao zikaja, Gaspari akarudi kazini. Mama mkwe, aliyekuwa ameichukua ngobyi kiangazi, akashuka nayo, ameitengeneza upya, inanukia siagi na jani kavu. Siku ya tatu baadaye nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya chumvi dukani. Sikusikia mluzi. Nilihisi tu kitu kinagonga mgongo wangu, pole pole, halafu kikaacha kugonga. Ilikuwa miguu yake.

Sikumbuki njia. Nakumbuka benchi likisogea. Nakumbuka Muganga Paulo amemshika mtoto kwa miguu, kisha amemgeuza, kisha sindano, kisha sindano nyingine, na vidole vya mwanangu vikiwa na rangi ya wino. Nakumbuka niliahidi vitu kwa Bikira Maria ambavyo sina. Aliporudisha pumzi, alirudisha kwa mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta, na mlio huo niliupenda. Muganga Paulo alikaa chini sakafuni, yeye na koti lake jeupe.

"Mama Domitila," alisema, "leo nilifikiri tumemupoteza. Ikirudia hivi, sijue."

Basi likaja neno la kilimi.

Kilimi ni ile nyama ndogo inayoning'inia mwisho wa koo. Kwetu mtoto akikohoa muda mrefu, wazee husema kilimi kimerefuka kinaziba njia, na kuna watu wanaojua kukikata. Mama mkwe alisema kuna mzee Kanyaruchinya mwenye mkono mwepesi. Mimi nilikuwa nimeona, pale pale kwenye benchi, mtoto aliyekatwa kilimi siku mbili nyuma. Mama yake alikuwa ameshika kitambaa mdomoni pa mtoto, na kitambaa kilikuwa kizito. Waliitwa ndani haraka, na alipotoka yule mama alitoka peke yake.

"Hapana," nilimwambia Gaspari. "Afazali afie mikononi mwangu."

Tuligombana kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Alipiga meza aliyoitengeneza mwenyewe. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia, kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Batu banasema ni mugongo yako. Mama anasema. Jirani banasema. Mi nataka iwe kilimi. Unaelewa? Afazali kilimi kuliko weye."

Nilielewa. Ndiyo sababu nilikubali, Mungu anisamehe, kwa sababu nilimpenda mtu yule na kwa sababu sikuwa na jibu lingine la kuweka mezani.

Tulipata kamyo, yaani lori, iliyokuwa inarudi tupu kuchukua mboga za Wazungu huko juu. Tulikaa nyuma kwenye magunia, mimi na Domitila katika ngobyi, Gaspari akinishika tusirushwe. Tulipoanza kupanda, mluzi ukaanza. Tulipopita mashamba ya mwisho ulikuwa mkubwa kuliko mlio wa kamyo. Gaspari akagonga kwenye kibanda cha dereva kwa ngumi mpaka akasimama. Nikaruka chini, nikafungua fundo la kamba kwa meno, nikamtoa mtoto nikaitupa ngobyi kwenye majani. Nikampakata kifuani, nikamfunika kikwembe changu, nikaanza kwenda huku na huku barabarani nikisema tu, "Vuta, mama, vuta. Vuta."

Akavuta. Mara ya kwanza kidogo, mara ya pili zaidi. Dereva alivua kofia yake. Kwa muda mrefu tulibaki pale kwenye mvua nyembamba, na alipokuwa anapumua vizuri Gaspari aliokota ngobyi, akaiweka kwenye gunia, tukaendelea. Tulisema ni hewa ya mlima. Tulimshukuru Mungu kwa hewa ya mlima.

Nyumbani kwa mama mkwe kila kitu kilikuwa tayari. Mkataji alikuwa mzee mpole, anacheka na fizi, amekaa kwenye kigoda kando ya moto. Kisu chake kilikuwa kidogo, kimepinda nchani, kimelazwa kwenye makaa. Domitila alisimama uani mwenyewe, akakimbiza kuku. Akacheka. Nikafikiri, huyu ndiye tunayekwenda kumkata. Gaspari alikuwa ameshaambiwa kazi yake, yaani kushika kichwa, na alikuwa anafuta mikono yake kwenye suruali, anafuta tena.

Nilimwinua mtoto, nikamfunga kiunoni kwa kikwembe, na mama mkwe akatoka ndani. Alipomwona mtoto amefungwa kikwembe kiunoni pangu alikunja uso.

"Mutoto wa hii nyumba hataenda mbele ya muzee na nguo ya yatima," alisema. "Ngobyi iko wapi?"

Gaspari akampa. Ilikuwa imelowana kidogo. Akaikung'uta, akaingia ndani akatoka na konzi ya unga wa rangi ya majani makavu, akausugua kwenye manyoya. "Ku kamyo kuko viroboto," alisema. Kisha, kwa kuwa hakutaka mtoto akae tena mgongoni mwangu kabla ya kukatwa, alimfunga mgongoni mwake mwenyewe. Alijitikisa kidogo, akaanza kuimba ule wimbo aliomwimbia Gaspari. Alikuwa mzuri kumtazama, lazima niseme. Mgongo wake ulikuwa umebeba watoto wengi na ulijua kazi yake.

Alizunguka ua akiimba. Akazunguka tena. Kisha wimbo ukakatika.

Alisimama. Alikuwa ananitazama mimi, lakini macho yake yalikuwa yanasikiliza nyuma.

"Inalia," alisema. "Ku mugongo yangu. Mukazana, inalia ku mugongo yangu."

Nilifika kabla hajamaliza. Tulifungua pamoja, mikono yetu inagongana. Mtoto alikuwa ameshaanza kuzama kile kishimo cha koo. Nilimtoa, nikamfuta uso kwa kikwembe, nikasimama naye kwenye upepo mlangoni, na mama mkwe akabaki katikati ya ua ameshika ngobyi kwa mikono miwili. Hakuwa ametegemea. Miezi yote ile hakuwahi kubeba yeye wakati wa shida. Niliona uso wake unatafuta. Kama ni mgongo, basi ni migongo yote miwili, na wake haukuwahi kumdhuru mtu.

Akainua ngobyi puani. Akavuta hewa kwa nguvu. Akapiga chafya, akapiga tena, macho yakatoa machozi.

"Gaspari," aliita. "Wakati nilikubeba weye, bireti ilikuwako?"

Bireti ni lile ua jeupe la pareto. Wazungu walikuwa wamelipanda kwenye milima yetu, na binti yake mama mkwe alikuwa anavuna kwenye shamba lao. Kila nyumba kule juu ilikuwa na maua yaliyokauka, yanasagwa, yanatiwa vitandani kuua viroboto. Ndiyo dawa aliyoisugua kwenye manyoya kila mara alipotushukia, na kila mtoto alipougua aliongeza, ili asisumbuliwe na kiroboto juu ya ugonjwa.

"Hapana, Mama," Gaspari alisema. "Bireti ilikuja nimekuwa mukubwa."

Mama mkwe alikaa chini pale pale kwenye matope. Sijawahi kuona mtu mzima anakaa namna ile. Alisema kwa Kinyarwanda maneno ambayo ni yake na Mungu. Mimi, ambaye kwa mwaka mzima nilikuwa nimebeba jina la mgongo mbaya, nilidhani nitamchukia. Nilitafuta chuki hiyo na mtoto wangu anapumua shingoni mwangu, sikuipata. Nikakaa kando yake.

Mzee wa kilimi aliuliza, kwa upole wake, kama tunaanza.

"Leta kisu," mama mkwe alisema.

Nilimbana Domitila mpaka akalalamika. Lakini mama mkwe alichukua kile kisu kutoka kwa mzee, akaitandaza ngobyi mapajani, akakata kamba zake zote nne pale zilipoungana na ngozi. Alikata pole pole, kwa sababu ngozi ilikuwa nzuri. Ngozi na manyoya yake aliiweka motoni, nasi tukatoka nje ya ua wote mpaka moshi uishe. Kamba alizichemsha kwa maji na majivu, akazisugua kwa jani, akazichemsha tena, akazianika. Aliposhuka kwetu Goma wiki ile alizishona kwenye pembe za kikwembe changu cha dukani, sindano nene, uzi mweusi. Hakuomba msamaha kwa mdomo. Aliponikabidhi alisema tu, "Kamba ni zile zile."

Sitadanganya kwamba Domitila alipona siku ile. Msimu wa vumbi, mafua, moshi wa majani yanapochomwa, mluzi ulirudi, na tulilijua tena lile benchi. Lakini hakupata tena rangi ya wino vidoleni. Muganga Paulo alipoambiwa alitikisa kichwa, akasema anajua kina mama wengine wa kule juu atakaowauliza. Mama mkwe naye, kila alipokuja, kabla hajasalimia mtu aliweka sikio lake kwenye mgongo wa mtoto na kusikiliza. Aliendelea hivyo hadi Domitila akawa msichana mkubwa anayeona haya.

Kwa mama aliye kwenye benchi leo, sijui ni nini kinachomziba mtoto wako. Sina dawa ya kukupa. Najua tu kwamba watakuambia ni wewe, na kwamba utaamini.

Mimi niliendelea kuamini hata baada ya kujua. Kwa wiki nyingi kikwembe chenye kamba kilining'inia ukutani, nami nilimbeba mtoto kwa mbele, kifuani, nionapo uso wake. Nilichota maji hivyo, watu wakinicheka. Asubuhi moja, mvua zimekwisha, Gaspari alikitoa kikwembe ukutani, akaja nyuma yangu, akamweka mtoto, akafunga kamba yeye mwenyewe, kazi ambayo mwanamume wa kwetu hafanyi. Mikono yake ya seremala ilifunga fundo baya.

"Enda ku maji," alisema.

Nikaenda na dumu langu. Nilitembea nimekaza shingo, nasubiri. Tulipofika karibu na mawe makubwa, kichwa chake kililala katikati ya mabega yangu, na pumzi yake ikaanza kupita kwenye nguo hadi kwenye ngozi, moto, baridi, moto, baridi, bila mluzi wowote. Nilifika ziwani nikasimama. Nikarudi na dumu tupu, kwa sababu kuchota ni lazima uiname, nami nilikuwa naogopa kumwamsha.